Masika Shimwa Alipochagua Uuguzi

24 Februari

Daftari hili nimepewa bure. Wiki iliyopita walikuja kituoni watu wa shirika moja, wakatufanyia semina ya siku mbili kuhusu uchovu wa wahudumu wa afya. Siku mbili nzima tumekaa kwenye viti vya plastiki tukifundishwa kwamba tumechoka. Mwishoni kila mtu akapewa daftari na kalamu, tukaambiwa tuandike yanayotukuta, tena tuanze kwa kujitambulisha. Wenzangu wamewapa watoto wao wachoree. Mimi nimeamua kutii, angalau mara moja.

Haya. Mimi ni Aidah, muuguzi wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya upande wa Kicukiro. Mume wangu ni Usumani, fundi cherehani hapa Kabeza. Tuna mtoto mmoja, Shimwa, ana miaka kumi na sita, yuko mwaka wa tatu wa sekondari, na mwezi wa saba atafanya mtihani wa taifa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulia mimi na Usumani, na kwa sababu kazini hakuna mwenye subira ya kukisoma.

Ni Ramadhani, mvua za kwanza zimeanza, miguu inaniuma. Semina imefaulu.

25 Februari

Mvua. Wanawake wanne wamejifungua, wote salama. Niliporudi Shimwa alinifungulia mlango akauliza kama kila siku, "Umechoka, mama?" Nikamjibu kama kila siku kwamba sijachoka.

27 Februari

Tulipomaliza kufuturu Shimwa alitangaza jambo. Alikuwa anakusanya vikombe, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwamba shuleni wameanza kuulizwa watakachosoma mwaka ujao, na yeye amechagua uuguzi. Nilifurahi kijinga, dakika nzima. Nikasema vizuri, utachukua sayansi, halafu chuo kikuu. Akasema hapana, anataka ule uuguzi wa sekondari, wa miaka mitatu. Akimaliza atakuwa na miaka kumi na tisa, muuguzi msaidizi, anaanza kazi.

Nikamwuliza nani amemtia maneno hayo. Akasema hakuna. Usumani aliendelea kunywa uji wake bila kuinua macho, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mwanamume akijua jambo kabla yako hunywa uji hivyo.

2 Machi

Watu wa semina hawakulijua jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Kwetu sisi muuguzi ana herufi na namba. A2 ni aliyesomea uuguzi sekondari. A1 ana diploma ya miaka mitatu. A0 ana shahada. Kadiri unavyopanda ndivyo namba inavyoshuka, na ukifika juu kabisa wewe ni sifuri. Tulikuwa tunacheka hivyo bwenini. Kazini hatuulizani umetoka wapi, tunaulizana wewe ni A ngapi. Wagonjwa hawana habari. Kwao kila aliyevaa koti jeupe ni "muganga", yaani daktari, hata mfuaji wa mashuka akijisahau na koti.

Mimi nilitoka shule nikiwa A2, kichwa juu. Sikukaa sana wakasema A2 haitoshi tena. Shule zake zikafungwa, na sisi tuliokuwa tumeshahitimu tukaambiwa tupande au tubaki nyuma. Nikapanda. Miaka mitano nilisoma, mwishoni mwa juma tu, na Jumatatu niko kazini. Shimwa alizaliwa mwaka wa kwanza wa masomo hayo. Mtihani wa dawa niliufanya maziwa yakinichuruzika ndani ya nguo, na msimamizi akanipa karatasi ya ziada akidhani ninalia. Siku nilipopata A1 nililala mpaka adhuhuri, Usumani akataka kuniitia daktari.

Sasa wamerudisha uuguzi wa sekondari, umevishwa jina jipya, na mwanangu anataka kupita mlango uleule waliofunga nyuma yangu. Nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

5 Machi

Zamu ndefu. Sijachoka, nimesema.

9 Machi

Tumeletewa mmoja wa hao wasaidizi. Anaitwa Sangwa, ana miaka ishirini, mwembamba, viatu vyake vyeupe vinamzidi mguu. Amepangwa chini yangu. Ananiita "mubyeyi", yaani mzazi, kama watoto wenye adabu wanavyowaita mama za watu. Mimi simwiti kwa jina. Namwita msaidizi.

Anapima presha, anatandika, anaosha watoto wachanga, anawashika mikono wanaopiga kelele. Dawa hatoi mpaka niagize. Dripu haweki mpaka niwe nimesimama pale. Hiyo ndiyo kanuni ya kituo chetu. Si mvivu, wala hana majibu ya mkato, hata ningependa awe nayo ili nipate la kusema. Nikimtazama ninamwona Shimwa ndani ya viatu vile.

13 Machi

Leo titulaire ameniita ofisini. Ndivyo tunavyomwita mkuu wa kituo, tangu enzi za Kifaransa. Wetu ni Winifred, alikulia Uganda, ana A0, na sijampenda tangu afike. Huzunguka na kompyuta kifuani, anauliza takwimu, na akiingia wodini anamsalimia mgonjwa akiwa bado mlangoni.

Akaniambia, "Aidah, mimi sikufichi. Septemba iko nafasi moja ya A0, ile ya weekend. Nikituma jina lako, wanachukua. Ukimaliza, wodi ya wazazi iko yako."

Nikamshukuru, nikasema nitafikiri. Nilifikiri kwenye pikipiki, maji ya mvua yakiniingia shingoni, na kabla hatujafika Kabeza nilikuwa nimeshakataa. Nimesoma vya kutosha maisha ya mtu mmoja. Usumani aliuliza sababu nikamwambia hivyohivyo. Akaguna.

20 Machi

Idi. Usumani hakulala siku mbili kwa sababu ya kanzu za watu, akaswali macho yamevimba. Wageni wamekula pilau, wamesifu, wameondoka. Shemeji yangu Maneno alimpa Shimwa zawadi akamwita "daktari wetu", nami nikacheka sana ili Shimwa asikie.

Alisikia. Tulipobaki wawili nyuma ya nyumba tukiosha masufuria akaniuliza, "Mama, unataka nisome mpaka lini?"

Nikasema mpaka asiwepo mtu wa kumwambia hatoshi.

"Wewe ulisoma mimi nikikusubiri dirishani. Kila Jumamosi baba ananiambia umekwenda sokoni. Nikawa najiuliza ni soko gani hilo, mama anarudi bila hata nyanya."

Sikuwa najua kwamba anakumbuka. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu yenyewe. Ukianzia chini utakuja kusoma na mtoto mgongoni kama mimi. Ukianzia juu unamaliza mapema, ukiwa huru.

"Wewe ulisoma kwa sababu waliokuzidi walisema usome. Mimi nitasoma nikitaka." Akasugua sufuria kwa nguvu. "Nimekuja kituoni kwenu mara nyingi. Titulaire wako sijamwona hata mara moja akimgusa mgonjwa. Mimi nataka kugusa watu, mama. Nikiwa bado na nguvu."

Nikamwambia asugue na mifuniko. Aliniudhi, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema vizuri.

28 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro wa mtaa wetu, tope mpaka magotini. Majirani wanapongeza: Shimwa amekuwa wa pili darasani katika majaribio. Kwa alama zile anaweza kwenda popote anapotaka, na anataka kwenda kule.

2 Aprili

Siku ya tatu mvua haijakatika. Koti langu halikauki, Usumani analipiga pasi likiwa bichi. "Umechoka, mama?" Sijachoka.

7 Aprili

Kumbukumbu ya mauaji ya 1994. Maduka yamefungwa, mtaa kimya. Tumekwenda, tumerudi. Nilikuwa na miaka tisa. Sitaandika zaidi.

11 Aprili

Shimwa na mimi tunazungumza habari za chumvi, sabuni na mvua tu.

16 Aprili

Ninaandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono hii.

Leo mchana nilikuwa na wanawake wawili, na mwenzangu wa zamu alikuwa amempeleka mgonjwa mwingine hospitali ya wilaya. Nilibaki na Sangwa. Wa kwanza ni Alida, miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza. Alijifungua vizuri, mtoto wa kiume, kondo la nyuma likatoka zima. Nikampa sindano ya kawaida, nikamkagua, nikamwambia Sangwa akae naye, aangalie damu, asugue tumbo, akiona kitu aniite. Dada yake Alida alikuwa pale amembeba mtoto. Nikaenda chumba cha pili kwa sababu wa pili alishaanza kusukuma.

Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Waliowahi kuona jambo hilo wanajua hakuna muda wa kufikiri kitu kingine. Nilimgeuza mama, nikamkunja miguu, nikasukuma, nikavuta. Hapo ndipo mvua ilipoangukia mabati. Sikuwa nasikia hata sauti yangu. Mlango ukagongwa. Nikaona uso wa dada yake Alida, mdomo unakwenda, maneno hayafiki. Nikampigia kelele: ngoja! Akafunga mlango.

Mtoto alitoka wa bluu, akalia baada ya kusuguliwa. Nikamweka kifuani kwa mama yake ndipo nikakimbilia kule.

Damu ilikuwa sakafuni. Sangwa alikuwa amesimama juu ya Alida, mikono yote miwili tumboni anakandamiza, jasho linamtiririka, anamwambia kwa Kinyarwanda asifumbe macho, asifumbe. Kando yake kulikuwa na trei. Sindano ya mshipa, plasta, bomba lenye dawa, vyote vimepangwa kwa mstari. Dripu imeshatundikwa, mrija umeshatolewa hewa, unaning'inia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kuchoma. Na dada yake Alida anamvuta koti, anarudia neno lilelile: muganga, fanya kitu, muganga.

Niliweka dripu, nikachoma dawa, nikaita gari la wagonjwa. Gari likateleza kwenye tope la lango, likasukumwa na walinzi. Sangwa hakuondoa mikono mpaka tulipomwingiza ndani.

Jioni walipiga simu kutoka hospitali ya wilaya. Alida yuko hai. Wametoa mfuko wa uzazi.

Nilimkuta Sangwa kwenye sinki, maji yanakwenda, mikono imeshakuwa safi zamani. Akasema bila kugeuka, "Nilikuwa najua, mubyeyi. Kila kitu iko kwenye trei. Lakini mimi sina ruhusa."

Nikafunga maji. Nilikuwa nasikia lile "ngoja" langu.

Nyumbani Shimwa aliuliza. Sijachoka, nikasema, nikaingia chumbani.

17 Aprili

Winifred alituhoji mmoja mmoja. Nilijua anatafuta pa kubandika lawama, nikaingia nimejikaza. Akasoma maelezo, akaniuliza swali moja tu: mlango ulipogongwa, wewe ulisema nini? Nikamwambia. Akafunga kompyuta, mara ya kwanza kumwona akiifunga.

Akasema siku ile alikuwa mkutanoni mjini, mkutano wa takwimu. Angekuwepo angemhudumia mmoja wa wale wawili. Halafu akatazama nje. "Miaka sita sijazalisha mtu, Aidah. Mimi sikusoma A0 ili nikae hapa. Lakini ndiyo kazi walinipa, na mtu anazoea."

Aliandika kwamba Sangwa alifuata kanuni na kwamba zamu ile haikuwa na watu wa kutosha. Hakuniandika mimi. Nilitoka nikiwa nimeishiwa chuki niliyokuwa nimeibeba muda mrefu, na sikujua niweke nini mahali pake.

19 Aprili

Naiona ile trei. Nikila naiona. Kanuni si ya kipumbavu, nimewahi kuona mtoto wa mafunzo akichoma dawa asiyoijua. Lakini Sangwa aliijua. Je, angechoma angekosea? Sijui. Je, ningekuwa mimi, miaka ile ya A2? Wakati ule tulichoma kila kitu, hakuna aliyetuuliza.

Mwanangu hatasimama kando ya trei kama ile. Hilo nalijua.

22 Aprili

Mvua. Mtaro umejaa tena.

23 Aprili

Nimefanya jambo.

Mwalimu mkuu wa Shimwa ndiye anayeingiza machaguo ya wanafunzi kwenye mfumo, na mfumo unafungwa tarehe sita Mei. Nilitoka zamu ya asubuhi nikaenda moja kwa moja, koti jeupe ndani ya koti la mvua. Nilipovua la mvua, Mwalimu Habumugisha akasimama. "Muganga, karibu, karibu." Akanifutia kiti mwenyewe.

Nikamwambia Shimwa amekosea chaguo lake, anatakiwa kuwekwa sayansi. Nilikuwa nimeandaa hoja njia nzima. Hakuniuliza hata moja. Hakuuliza kama mtoto anajua. Alisema muganga ndiye anayejua mambo haya, akabonyeza, akanigeuzia kioo nione. Uuguzi umeondoka, sayansi imekaa.

Nilitegemea kujisikia mwepesi. Kwenye pikipiki nilijisikia kama mtu aliyechukua kitu dukani na bado hajafika nyumbani.

24 Aprili

Shimwa amerudi kutoka shuleni amechelewa, amelowa. Akanibandikia maji ya kuoga bila kuambiwa. "Umechoka, mama?" Sijachoka.

26 Aprili

Mpole kupita kawaida. Nadhani ni mtihani.

28 Aprili

Zamu. Watoto watatu, mmoja kachungulia dunia akapiga chafya kabla ya kulia. Tumecheka, hata mama yake. Sangwa hakucheka.

30 Aprili

Alida amerudi kwetu kusafishwa kidonda cha upasuaji. Amekonda, anatembea ameshika ukuta, dada yake nyuma na mtoto. Nilijitayarisha kwa maneno yoyote ambayo angenitupia. Hakunitupia neno. Aliuliza yuko wapi yule muganga aliyemkataza kufumba macho.

Kusafisha kidonda ni ruhusa ya Sangwa. Alikuja akanawa, akakaa kitandani ubavuni kwake, akafungua bandeji polepole akimwuliza habari za mtoto, ananyonya upande gani, analala saa ngapi. Alida akajibu. Alipomaliza kujibu akaanza kulia, na Sangwa akaacha kazi yake akamshika mpaka akatulia, halafu akaendelea. Wakati huo Winifred alipita mlangoni. Akasimama. Akaingia mpaka ndani, akaweka kompyuta yake juu ya kabati, akamchukua mtoto kwa dada yake, akambeba muda wote ule.

Baadaye nilimwambia, "Sangwa, kale chakula, mimi nitabaki." Aligeuka kunitazama. Ni mara ya kwanza kumwita jina lake. Tukala pamoja mwishowe. Ananiambia anataka kusoma A1 baada ya miaka miwili, akishamaliza kuwasaidia wadogo zake. Nikamwuliza, baada ya siku ile hatamani kuacha? Akafikiri. Akasema siku ile anaiota. Lakini angekuwa bado shuleni, Alida angekuwa peke yake chumbani na dada yake akilia.

Hilo sikuwa nimelihesabu.

3 Mei

Nimemwambia Usumani. Nilimkuta anashona sare za shule, nikakaa kwenye kile kiti cha wateja, nikamweleza nilichofanya kwa mwalimu mkuu. Akasimamisha cherehani.

"Mtoto anajua?"

Nikasema hajui.

Usumani si mtu wa maneno. Tangu tuoane sijui kama amewahi kunigombeza mara mbili. Akavua miwani, akasema, "Mama Shimwa, mimi nilikuoa ukiwa A2. Sikuona kitu kilichopungua. Halafu mtu mmoja iko ofisini huko akaamua hutoshi, hakukuuliza. Ulilia hapa, kwenye kiti hiki hiki. Sasa yule mtu ndiyo wewe."

Nikasema si sawa, mimi ni mama yake, nina haki, nimeona nilichoona. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile A0 ya Winifred umeikataa," akasema. "Umechoka, nimenyamaza. Lakini sasa mtoto ndiyo unamtuma aende mahali wewe mwenyewe umekataa."

Akavaa miwani, akaendelea na sare. Nilikaa pale mpaka nikaona aibu kukaa, nikaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

4 Mei

Sikulala. Nilikuwa napima. Upande huu trei. Upande ule Alida na macho yake yasiyofumbwa. Nikijaribu kuuliza ngazi ipi ni sahihi sipati. Nikiuliza nani achague, napata jibu upesi, na silipendi.

5 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Winifred hakuuliza sababu. Nimekwenda shuleni kwa nguo za nyumbani, kitenge na kilemba, na Mwalimu Habumugisha alichukua muda kunitambua. Bado akasema, "Muganga, karibu."

Nikamwambia nataka lile chaguo lirudi lilivyokuwa.

Akashangaa. Akasema, mbona Shimwa mwenyewe amelikubali? Nikauliza amelikubali lini. Akaeleza kwamba siku iliyofuata baada ya mimi kuja aliwaita wanafunzi mmoja mmoja wahakikishe machaguo yao kwenye kioo. Shimwa alisoma. Mwalimu akamwuliza kama kuna kosa, abadilishe. Akasema hapana.

"Nikamwuliza mara ya pili, maana niliona uso wake," akasema mwalimu. "Akaniambia, ni mama yangu. Acheni hivyohivyo. Mama amechoka sana, sitaki nimwongezee."

Kwa hiyo alijua tangu tarehe ishirini na nne. Alirudi amelowa akanibandikia maji. Jioni zote zile amenifungulia mlango, ameniuliza, nimemdanganya, amekubali uongo wangu na kwenda kuosha vyombo. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimlinda.

Nikamwambia mwalimu aandike alichochagua mtoto.

Akaweka vidole kwenye kompyuta, akasita. "Muganga, una hakika?"

Nikamwambia sina, lakini aandike.

5 Mei, jioni

Mvua haijanyesha leo. Nimerudi kwa miguu kutoka shuleni, njia ndefu, nikapitia sokoni, nikanunua nyanya.

Shimwa alinitangulia nyumbani. Akafungua mlango, akapokea mfuko, akachungulia ndani, halafu akanitazama na kile kitenge changu cha siku za mapumziko.

"Umechoka, mama?"

"Nimechoka, mwanangu," nikasema. "Nimechoka siku nyingi sana."

Hakusema pole. Alisogeza kiti, akanikalisha, akapiga magoti akanivua viatu. Akashika kifundo cha mguu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akaangalia kama shimo linabaki. Mimi sikumfundisha hivyo. Shimo lilibaki. Akabonyeza tena juu kidogo, amekunja uso, akauliza imeanza lini kuvimba.

Nikamwambia nimetoka shuleni kwake. Nikamwambia mwalimu ameandika uuguzi, kama alivyotaka yeye.

Kidole chake kilisimama. Hakuinua kichwa, na mimi sikuuona uso wake. Halafu akachukua mguu wa pili.